Saa kuukuu ya mkono: kuhakiki umri na uhalisi kabla ya kununua

Mwafrika Mashariki anayeishi Dallas, Fort Worth au Houston hana haja ya kwenda mbali akitafuta saa ya mkono iliyotengenezwa miaka hamsini au sitini iliyopita. Saa hizo zimo katika maduka ya rehani, kwa masonara, katika minada, na katika masoko ya wazi kama vile Traders Village, lenye viwanja Grand Prairie na Houston, au lile la mji mdogo wa Canton, mashariki ya Dallas, ambalo hufanyika katika siku zinazoitangulia Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi.

Wanunuzi ni wa aina mbalimbali. Yupo anayetaka saa iliyofanana na ile aliyoivaa marehemu baba yake Mombasa au Tanga. Yupo mwenye kuamini kwamba Rolex ya zamani ni akiba bora kuliko fedha benki. Wote wawili hulipa kwa jasho la zamu mbili, hospitalini, uwanja wa ndege au nyuma ya usukani wa lori, na wote wawili wamo katika hatari ileile ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba umri na uhalisi ni mambo mawili mbalimbali. Saa inaweza kuwa ya kale kweli na bado isiwe halisi, kwa sababu kasha limetoka kwenye saa moja, mtambo kwenye saa nyingine, na uso umechapwa upya mwaka jana. Wafanyabiashara wa saa huiita saa ya namna hiyo kwa jina la Frankenstein, yule wa hadithi aliyeunda dubwana kwa kuunganisha viungo vya maiti.

Hati ya kweli, saa ya uongo

Mfano mkubwa wa miaka ya karibuni haukutokea sokoni Canton bali Geneva. Mwezi Novemba mwaka 2021 kampuni ya mnada ya Phillips iliuza saa ya Omega Speedmaster ya toleo la 2915-1, la mwaka 1957, kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Omega yenyewe, iliyoitaka kwa ajili ya makumbusho yake.

Mwaka 2023 Omega ilitangaza kwamba saa hiyo ilikuwa ya kuungwaungwa, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika katika njama hiyo. Mtambo uliokuwamo ulikuwa na namba iliyolingana na kumbukumbu za kiwanda, lakini haukuzaliwa pamoja na kasha lile.

Hapa pana funzo ambalo mnunuzi wa kawaida hulisahau upesi. Dondoo ya kumbukumbu za kiwanda huthibitisha kwamba mtambo wenye namba fulani uliwahi kutoka kiwandani katika saa ya aina fulani, tarehe fulani. Haithibitishi kwamba uso, akrabu na kasha vilivyo mbele yako ndivyo vilivyotoka siku ile. Sisi wahariri tunaijua hali hiyo: barua huwa ya kweli, sahihi huwa ya kweli, na habari iliyojengwa juu yake ikawa ya uongo.

Hadithi za Houston

Hakuna mji unaosikika ndani yake hadithi nyingi za Omega Speedmaster kama Houston, na sababu yake ni shirika la anga za juu la Marekani, NASA. Mwaka 1964 NASA iliomba saa za kupima muda kutoka kwa makampuni kadhaa. Zilizofikia hatua ya majaribio zilikuwa za Rolex, Longines-Wittnauer na Omega. Zilitiwa katika joto, baridi, unyevu, mtikisiko na shinikizo la hewa, na mwezi Machi 1965 Omega ndiyo iliyoidhinishwa. Tarehe 3 Juni mwaka huohuo mwanaanga Edward White alikuwa nayo mkononi alipotoka nje ya chombo chake angani.

Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba maofisa wa NASA waliingia kisirisiri katika duka la sonara mmoja wa Houston na kuzinunua saa hizo kama wateja wa kawaida. Ni hadithi tamu, lakini mhandisi James Ragan, aliyeyasimamia majaribio, alieleza kwamba maombi yalipelekwa rasmi kwa makampuni. Iwapo hadithi hiyo imeweza kuishi miaka yote hiyo juu ya jambo lenye nyaraka serikalini, msomaji na akadirie uzito wa maneno ya muuzaji anayesema kwamba saa aliyonayo ilikuwa ya mhandisi wa Apollo.

Saa walizopewa wanaanga na NASA zilikuwa mali ya serikali, na nyingi zimo katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian au zimeazimwa kwa makumbusho mengine. Ile ya Buzz Aldrin, aliyoivaa mwezini mwaka 1969, ilipotea ilipokuwa ikipelekwa Washington na haijaonekana tena. Mtu akikuletea saa ya serikali iliyofika mwezini, ama anaongopa, ama amebeba mali isiyo yake. Saa ya mwanaanga David Scott iliyouzwa mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 1.6 ilikuwa ya Bulova, na iliwezekana kuuzwa kwa sababu ilikuwa mali yake binafsi.

Speedmaster za kawaida, ambazo hazikuwahi kufika juu ya paa la nyumba, hupimwa kwa dalili zinazoonekana. Hadi mwaka 1968 zilikuwa na mtambo wa 321; kuanzia hapo ukaingia mtambo wa 861. Wa kwanza hupiga mara tano kwa sekunde, wa pili mara sita, na fundi mwenye chombo cha kupimia mapigo hutofautisha kwa dakika moja bila hata kufungua kifuniko. Maneno ya kuadhimisha safari ya mwezini yalianza kuchongwa nyuma ya saa hizo baada ya mwaka 1969. Kwa hiyo saa inayodaiwa kuwa ya mwaka 1965, nayo ina maneno hayo mgongoni, angalau kifuniko chake si cha asili.

Namba na mahali pake

Rolex haitoi dondoo za kumbukumbu zake kwa umma. Hili huwashangaza wakazi wa Dallas, maana kampuni hiyo ina jengo mjini humo, mtaa wa Harwood, tangu mwaka 1984, kisha ikajenga jingine jipya lililobuniwa na msanifu wa Kijapani Kengo Kuma, na mwaka 2023 ikafungua hapo kituo cha kufundishia mafundi saa. Hata hivyo majedwali ya miaka na namba yanayozunguka kwenye mtandao hayakutolewa na kampuni. Yamekusanywa na wafanyabiashara na wapenzi wa saa, na yanaweza kukosea kwa mwaka mmoja au zaidi.

Katika Rolex za zamani, namba ya toleo huchongwa pembeni mwa kasha, upande wa saa sita juu kwenye uso, na namba ya saa yenyewe upande wa pili, chini. Zote mbili hufichwa na mkanda, kwa hiyo mkanda lazima ufunguliwe. Muuzaji anayekataa kuufungua amekwisha kukujibu. Namba halisi huwa na michoro myembamba, yenye kingo kali zinazoakisi mwanga. Za bandia mara nyingi huonekana kama zimechomwa kwa nukta nukta. Namba tupu zilitumika hadi mwaka 1987, ndipo ikaingia herufi R mbele yake. Saa inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1970 haiwezi kuanza na herufi hiyo.

Kishikizo cha mkanda wa chuma nacho kina siri yake. Kuanzia mwaka 1976 Rolex iliweka herufi ya mwaka ndani yake: A au VA kwa mwaka 1976, B au VB kwa mwaka 1977, na kuendelea. Mkanda usiolingana na kasha si ushahidi wa hila, kwa kuwa mikanda huchakaa na kubadilishwa, lakini ni sababu ya kupunguza bei.

Ya Seiko ni rahisi zaidi, na inawahusu wengi wetu kwa vile Seiko ndiyo saa iliyokuwa mikononi mwa walimu na makarani wa Afrika Mashariki. Tarakimu ya kwanza ya namba iliyo nyuma ya saa ni mwaka ndani ya muongo, na ya pili ni mwezi. Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa kwa herufi O, N na D. Saa ya wazamiaji ya toleo la 6105-8110, iliyotengenezwa katika miaka ya 1970, ikiwa namba yake inaanza na 2N, basi ni ya Novemba 1972. Seiko 5 zenye nyuso za rangi kali, nyekundu ya damu au kijani cha kasuku, mara nyingi ni kazi ya karakana za Mumbai, ambako saa zilizochoka hupakwa nyuso mpya. Kama bei ni ya chini na mnunuzi anajua anachonunua, hakuna ubaya. Ubaya huanza pale saa hiyo inapoitwa ya asili.

Kinachong'aa gizani

Uso wa saa ndio wenye thamani kubwa, na ndio unaoghushiwa zaidi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 dawa ya kung'aa gizani ilikuwa na radiamu. Baadaye ikatumika tritiamu, yenye mionzi hafifu, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, na chini ya uso wa saa nyingi za wakati huo kuna herufi T kila upande wa neno SWISS.

Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu katika kila miaka 12 na miezi michache. Hesabu ni nyepesi: saa ya mwaka 1970 imepoteza zaidi ya tisa kwa kumi ya nguvu hiyo. Ikiwa inawaka kama taa usiku kucha, basi imepakwa dawa mpya au ni ya bandia tangu mwanzo. Rangi ya dawa kwenye uso na kwenye akrabu yapasa pia kufanana, kwani vimezeeka pamoja. Waghushi wanalijua hilo, na wapo wanaopaka chai au kahawa ili kuzeesha, lakini chai huacha doa kwenye kingo, na kioo cha kukuzia cha sonara hulionyesha.

Radiamu ni jambo jingine kabisa. Saa yake haing'ai tena kwa sababu kemikali iliyokuwa ikiwaka imechoka, lakini mionzi yenyewe bado ipo, maana nusu yake huchukua miaka 1,600 kutoweka. Saa kama hiyo isifunguliwe mezani nyumbani, wala vumbi lake lisipulizwe. Mwachie fundi.

Neno kuhusu nyuso zilizogeuka rangi ya kahawia kwa jua. Wakusanyaji huzisifu na kuzilipia zaidi, nao waghushi wakazitia katika joto la jiko. Mwandishi wa makala haya hafahamu kwa nini kasoro iwe ghali kuliko uzima, lakini ndivyo soko lilivyo. Uso uliozeeka wenyewe hubadilika polepole na kwa usawa, na maandishi yake hubaki makali. Uliochomwa huwa na mabaka, na herufi hupasuka.

Jambia la Oman

Zipo saa zenye alama ya jambia na panga mbili zilizopishana, nembo ya Oman, zilizoagizwa katika enzi ya Sultan Qaboos bin Said, aliyeshika madaraka tarehe 23 Julai 1970, nyingi kupitia duka la Asprey la London. Zilitolewa zawadi kwa maofisa, wageni na wanajeshi, wakiwamo Waingereza waliopigana vita vya Dhofar. Kwa familia za Waswahili waliorejea Oman kutoka Zanzibar baada ya mwaka huo, saa ya jambia si kitu kigeni masikioni. Houston nako, mji wa mafuta ambao wahandisi wake wamefanya kazi Ghuba kwa miongo mingi, saa kama hizo hutokea kwenye minada ya mali za marehemu.

Kwa kuwa alama hiyo peke yake huweza kuzidisha bei mara kadhaa, ni rahisi mtu kuchukua uso wa kawaida akauchapa jambia. Tazama wino: chapa ya kiwandani huwa imetulia, mistari ya ala ya jambia haikuingiliana. Kisha uliza njia iliyopitia saa. Jina la mpokeaji, barua ya kuagiza, sanduku, chapa ya duka nyuma ya kasha. Visipokuwapo vyote, lipa bei ya saa isiyo na jambia, au ondoka.

Mahakama ya Texas

Wapo wanaouliza: kama kasha na mtambo ni vya Rolex, kuna kosa gani kuongeza almasi? Swali hilo lilifika mahakamani katika jimbo hili. Rolex iliishitaki kampuni ya BeckerTime, iliyokuwa ikiuza Rolex zilizotumika, baadhi zikiwa zimeongezwa almasi, pete za kioo na mikanda isiyotoka kiwandani. Mahakama ya shirikisho ya kaskazini mwa Texas ilizihesabu saa zilizobadilishwa hivyo kuwa bandia kisheria kwa namna zilivyouzwa, na mwezi Januari 2024 mahakama ya rufani ilikubaliana nayo katika msingi huo. Rolex hata hivyo haikupewa faida za mauzo kwa sababu ilichelewa mno kushitaki.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii. Saa iliyotiwa almasi mtaani ina thamani ndogo kwa wakusanyaji, na kwa kawaida kituo cha kampuni hakiihudumii bila kutaka vitu hivyo viondolewe. Upande wa pili pia kuna mtego: ukiipeleka saa ya kale iliyo safi kwenye kituo rasmi, huweza kurudi na uso mpya na akrabu mpya, inang'aa vizuri na imepungua thamani. Andika wazi kwamba hutaki kitu kibadilishwe, na udai vipande vya zamani virudishwe iwapo vitaondolewa.

Muuzaji na haki yake ya kuuza

Saa halisi inaweza kuwa ya wizi. Mwaka 2015 mnada wa Christie's mjini Geneva uliiondoa saa ya Patek Philippe iliyokuwa ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia baada ya jamaa zake kupinga. Iliuzwa miaka miwili baadaye kwa karibu dola milioni 3, mgogoro ulipokwisha. Wanunuzi wa saa ya dola elfu tano hawana wanasheria wa kuwasubiri. Namba ya saa inaweza kuulizwa kwa The Watch Register, daftari la London la saa zilizopotea na kuibwa, na mali ya wizi inaweza kuchukuliwa kutoka kwako hata kama uliinunua kwa nia njema.

Maduka ya rehani ya Texas hupewa leseni na ofisi ya jimbo inayosimamia mikopo ya walaji, na hilo ni afadhali kuliko mtu wa maegesho ya magari. Mitaa ya Harwin Drive mjini Houston na Harry Hines mjini Dallas imewahi kufanyiwa misako ya bidhaa bandia mara nyingi. Wapo humo wafanyabiashara waadilifu, lakini si mahali pa kutafutia Rolex. Kampuni ya Heritage Auctions, iliyoanzishwa Dallas mwaka 1976, hutoa taarifa ya hali ya saa kwa anayeiomba kabla ya mnada. Iombe kwa maandishi, na kumbuka kwamba juu ya bei ya nyundo huongezwa ada ya mnunuzi.

Houston pana swali moja zaidi. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kiliingiza maji katika makumi ya maelfu ya nyumba, na vilivyokuwa kabatini vililowa. Kutu chini ya kifuniko, au ukungu ndani ya kioo, ni dalili ya gharama kubwa ijayo. Kifuniko kifunguliwe na fundi wako, si wa muuzaji. Chuo cha Paris Junior College, kaskazini mashariki ya Dallas, hufundisha ufundi wa saa, na chama cha wakusanyaji wa saa cha Marekani, NAWCC, kina matawi Texas ambayo wanachama wake hawachoki kutazama saa za wengine na kuzisema vibaya.

Malipo kwa kadi ya mkopo humpa mnunuzi nafasi ya kudai fedha zake. Fedha zilizotumwa papo kwa papo kwa simu hazirudi. Vituo vingi vya polisi katika miji hii vina maegesho yenye kamera yaliyotengwa kwa ajili ya watu wasiojuana kuuziana vitu. Risiti itaje namba ya saa, namba ya toleo, na kila sehemu ambayo muuzaji anadai kuwa ni ya asili. Neno la jumla kwamba saa ni nzuri halina nguvu mbele ya hakimu.

Kwa atakayeivaa saa hiyo akirudi nyumbani kupitia Dubai, Addis Ababa au Nairobi, mkanda wa ngozi ya mamba wa zamani unaweza kuhitaji kibali chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Mafundi wengi huuondoa na kufunga wa ngozi ya ng'ombe kabla ya safari, kwa dola chache.